GX 100 ya 1998 haisomi kwenye mashine, fundi anasema kontrol boksi imekufa. Naombeni ushauri

Chikongola_Juu: Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, nina Mark II GX 100 ya 1998, injini 1G. Wiki ya pili sasa taa ya chekinjini haizimi, asubuhi napiga starta mpaka naihurumia betri, na mafuta inakula kuliko zamani. Fundi alichomeka mashine ya kusomea makosa ya gari kwenye tundu la chini ya usukani: inawaka, ikianza tu kutafuta gari inazima. Akasema kontrol boksi (kompyuta ya injini) imekufa, niagize nyingine Dar. Nikanunua kidude cha ELM327, kile cha kusomea makosa ya gari kwa simu, nikajaribu, hali ileile. Gari hii ndiyo inayonipeleka Masasi kila wiki. Kweli ni kontrol boksi?

FundiWaya_Lindi: Kaka, hela yako itulie kwanza. Injini inayowaka na kutulia sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), kontrol boksi si ya kuanza kuishuku. Anza na umeme wa tundu lenyewe. Upana wa tundu ukiwa juu, hesabu kutoka kushoto: safu ya juu pini 1 hadi 8, ya chini 9 hadi 16. Namba 16 ni umeme wa betri muda wote, namba 4 ni ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Usipime kwa multimita peke yake, maana waya ulioliwa na kutu unaonyesha volti 12 kama kawaida, ukiupa mzigo unalala. Tumia balbu ndogo ya taa ya pembeni, iunge kati ya 16 na 4.

Chikongola_Juu: Multimita 12.4. Balbu inawaka wekundu tu, kama mshumaa!

FundiWaya_Lindi: Umeipata. Sasa toa balbu kwenye 4, gusisha kwenye chuma kisafi cha bodi.

Chikongola_Juu: Hapo inawaka vizuri kabisa.

FundiWaya_Lindi: Basi ethi ndiyo mbovu. Fuata waya wake mpaka kwenye bolti, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Sisi wa pwani chumvi haituachi, magari ya Shangani na Mikindani nayajua kwa ukijani wa nyaya zake.

Mnazi_Mmoja: Kwa wenye VW za zamani: kama kuna redio ya kubandika, ichomoe kabla ya kupima. Mara nyingi inavuruga waya wa mawasiliano, ule wa pini 7.

Chikongola_Juu: Nimesugua. Bolti ilikuwa na unga wa kijani kama majani ya mlonge. Balbu sasa inawaka sawasawa na kidude hakizimi tena, ila bado kinagoma kuungana. Nimekijaribu kwenye Premio ya 2010 ya jirani, kimesoma mara moja.

Newala_Garage: Hapo usihangaike tena na kidude, mdogo wangu. Tundu la pini 16 halimaanishi gari linaongea lugha ya hicho kidude. Marekani walilazimisha lugha ya pamoja 1996, Ulaya kwa magari ya petroli 2001. GX 100 ilitengenezwa kwa soko la Japani, ina lugha ya Toyota yenyewe. Ama utafute mashine yenye programu ya Toyota za zamani, ama usome kwa taa, bure. Swichi ikiwa ofu, unga pini 13 na 4 kwa kipande cha waya. Angalia mara mbili, ukigusa 16 na 4 umechoma fyuzi. Kisha washa swichi bila kupiga starta, hesabu taa ya chekinjini. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa.

Chikongola_Juu: Mbili, inapumzika, mbili. Nimerudia mara tatu, ni hivyohivyo.

Newala_Garage: 22, sensa ya joto la maji. Inaendana kabisa na shida yako ya asubuhi. Chomoa soketi yake, pima sensa: kwenye nyuzi 20 iwe ohm 2,000 hadi 3,000, kwenye 80 iwe 200 hadi 400. Ile yenye waya mmoja ni ya geji, iache.

Chikongola_Juu: Sensa imesoma 2,100 injini ikiwa baridi. Ila soketi, pini moja imekatika kwa kutu, inaning'inia kwenye uzi mmoja wa waya. Nimeweka soketi ya gari bovu, nikatoa fyuzi ya EFI (ya mfumo wa mafuta wa injini) dakika moja kufuta kosa. Leo alfajiri imewaka starta ya kwanza. Wakuu, Mungu awabariki, nilishaanza kuuza korosho za akiba kwa ajili ya hiyo kontrol boksi.

FundiWaya_Lindi: Paka grisi kidogo kwenye ile bolti ya ethi kabla masika hayajaanza.