Ng' ya jina langu imenikwamisha leseni: nianze na I-90 (fomu ya kadi ya kijani) au SS-5 (fomu ya kadi ya SSN)?

Mama Kulwa, Houston
Ndugu zangu, habari za kazi. Leo nimerudishwa dirishani kwa mara ya pili ofisi ya leseni. Nataka REAL ID, leseni inayokubalika kupandia ndege za ndani, kabla ya harusi ya mdogo wangu Seattle, mwezi ujao. Pasipoti yangu ya Tanzania inasema Ng'wandu. Kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, imeandikwa NG WANDU, maneno mawili. Kadi ya SSN, namba ya hifadhi ya jamii, ni NGWANDU. Karani anasema kompyuta inaona watu watatu. Akaita "En-Ji Wandu" mara mbili, nikajua ni mimi kwa sababu tulibaki wawili tu kwenye viti. Nianze kurekebisha wapi? Nina miadi nyingine Alhamisi.

Baba Amina, Minneapolis
Pole sana dada. Yako nafuu. Binamu yangu pasipoti yake ilikuwa na jina moja tu, basi viza ikatoka FNU, yaani "First Name Unknown", jina la kwanza halijulikani. Leseni FNU, benki FNU, kazini mwaka mzima wanamwita "Finu". Alikuwa anaitika, maskini, maana alihitaji kazi. Mtoto akazaliwa hapa, cheti kikaandikwa baba ni FNU. Shughulikia mapema. Nenda na SS-5, ndiyo rahisi.

Athumani, Toronto
Baba Amina, usimpotoshe. SS-5 ni ya SSN tu, na wale wanatazama makaratasi ya uhamiaji. Kadi ya kijani ikibaki na kosa, watanakili kosa. Halafu FNU si kosa la karani, ndivyo wanavyojaza jina la kwanza likikosekana.
Mama Kulwa, tazama mistari miwili ya chini kwenye pasipoti yako, ile yenye <<<. Pale ritifaa, ile alama ya ('), haikubaliki duniani kote, kwa hiyo utakuta NGWANDU, yameungana. Aliyetia nafasi katikati ndiye aliyekosea. Na kwa ndege ya ndani pasipoti yako inatosha, huhitaji REAL ID.

Haji, Leeds
Assalaam alaykum. Wengi wetu wa Unguja hatuna jina la ukoo kabisa. Mimi ni Haji, baba yangu ni Makame, babu ni Khamis. Hapa Khamis akageuzwa ukoo wangu. Mke wangu hakubadili jina, kwani mtu anabadilije baba yake kwa kuolewa? Watoto wana Haji na Makame. Tulipotua uwanja wa ndege, familia moja, majina ya mwisho matatu. Binti yangu wa miaka sita akaulizwa peke yake, "Huyu ni nani yako?" Alijibu "baba" huku analia. Sijasahau. Wanasema majina yetu magumu, lakini wachezaji mpira wa Poland wanawatamka vizuri, herufi kumi na zaidi!

Mama Baraka, Atlanta
Dada, subiri N-400, fomu ya kuomba uraia. Ukiapa uraia unabadili jina bure, umemaliza.

Athumani, Toronto
Si kila kiapo. Ni pale tu unapoapishwa mbele ya jaji mahakamani. Tuwe waangalifu tunapoandika.

Mama Baraka, Atlanta
Nimeshaapa, wewe uko Kanada. Nilibadili jina siku ile ile, tena mbele ya jaji.

Baba Amina, Minneapolis
Mama Baraka, ninyi Wakenya mna Katiba ya 2010, mnashika pasipoti mbili. Sisi tukiapa huku tunapoteza uraia wa nyumbani. Mama Kulwa aache uraia kwa ajili ya ritifaa? Miaka yote tunaimbiwa diaspora, diaspora, fedha zetu wanazitaka, sisi hawatutaki.

Mzee wa Shinyanga, Dallas
Wanangu, hamjambo. Mama Kulwa, ng'wandu kwetu ni mbuyu, mti unaokaa palepale wakipita wajukuu. Usikubali likatwe vipande.
Ila tuseme na yetu. Mwalimu wetu wa darasa la tano alitoka pwani, akikuta Ng'washi kwenye daftari la mahudhurio anasoma "Mwashi", darasa zima linacheka, na anayechekwa ni mtoto, si mwalimu. Hata Mwanza, bibi yangu aliita Ng'wanza mpaka anakufa. Ramani haikumsikiliza. Bado nasikia sauti yake ikiniita jioni nirudishe ndama, na hapa Dallas hakuna anayeniita jina lile. Mke wangu alikuwa wa mwisho.
Kumfundisha Mmarekani, mwambie aseme "sing", abaki pale mwisho, ulimi usiachie, aanzie hapo: ng'-wandu. Anaweza. Jirani yangu aliweza siku ya kwanza.

Haji, Leeds
Shikamoo mzee. Mungu amrehemu mama.

Athumani, Toronto
Shikamoo mzee, pole sana. Na I-90 hailipiwi kama kosa ni lao, kuna kisanduku cha kuchagua sababu hiyo. Ila unapeleka kadi yenyewe.

Mama Kulwa, Houston
Shikamoo mzee. Nimesoma ujumbe wako kwa sauti na Kulwa amesikiliza. Shuleni alishamwambia mwalimu amwite "Kay". Jana usiku tumefanya "sing" mezani mpaka baba yake akatoka chumbani kuuliza kuna nini.
Athumani, nikipeleka kadi ya kijani, Alhamisi nitaonyesha nini dirishani? Na nikiacha miadi hii, nyingine ni baada ya miezi miwili. Kuna aliyewahi kwenda na risiti ya I-90 tu wakampokea?

Baba Amina, Minneapolis
Wa Houston mjibuni dada. Na Jumamosi msisahau mkutano wa saa 9 mchana kwa saa za kwetu, ajenda ni uraia pacha.