Tupeane uzoefu: chuma cha kunolea visu vya jikoni unakitumiaje?

MpishiWaSherehe, Umoja
Wadau, kila wiki kuna mtu anauliza atapata wapi hapa Nairobi kisu kisichoisha makali. Hakipo, hata ukilipa pesa ngapi. Wengi wetu tuna dawa yake ndani ya nyumba: kile chuma kirefu cha mviringo chenye mpini, kinachokuja na seti ya visu kisha kinasahaulika kwenye droo.

Makali ya kisu ni membamba sana. Ukikata ubaoni yanajipinda upande, jicho lisione. Kisu kinakuwa butu ilhali makali bado yapo, yamelala tu, na kazi ya hicho chuma ni kuyasimamisha. Yakiwa yamelika kabisa, utasugua mpaka jioni bila faida. Hapo tafuta kinoo.

Mimi nakisimamisha wima, ncha yake juu ya kitambaa kibichi ubaoni ili isiteleze. Naanza na sehemu ya kisu iliyo karibu na mpini, nashusha huku nikivuta mpaka ncha ya kisu ipite. Upande huu, upande ule, mara nne tano, mkono mwepesi. Nafuta kisu, halafu najaribu nyanya ya kachumbari. Ngozi ikikatika bila kukandamizwa, naendelea na kazi. Haya, leteni yenu.

Bucha_Burma
Hapa sokoni Burma chuma hakikai droo, kinakaa karibu na mkono. Nakipitisha kila baada ya vipande vichache, hata foleni ikiwa ndefu, kwa sababu kisu butu kinahitaji nguvu, na mkono wenye nguvu nyingi ndio unaoteleza ukakukata. Mfupa naupigia shoka. Kisu cha nyama hakigusi mfupa kwangu.

Vijana wakija kujifunza wanataka kile cha kwenye televisheni, kisu kinaruka hewani kwa kasi. Mzee aliyenifundisha alinikataza. Alikuwa akinigeuza niangalie ukutani nisikilize mlio tu. Mlio ukiwa mwembamba na sawa kutoka mwanzo mpaka mwisho, pembe iko vizuri. Ukikwaruza, umekandamiza. Mpaka leo nanoa kwa sikio.

Halafu kingine, mafuta ya nyama yanaziba ile mistari ya chuma. Ukiona kisu kinateleza tu, osha chuma kwa maji moto na sabuni, kausha.

Nyambura_K
Pembe ndiyo inayosumbua wengi, na huhitaji kifaa. Weka kisu kimenyooka kuelekea kwenye chuma, hizo ni nyuzi 90. Gawa nusu, 45. Gawa tena nusu, 22 na ushee. Punguza kidogo tena na umefika, maana visu vingi vya nyumbani viko kati ya nyuzi 15 na 20 kila upande.

MamaSukuma_Kayole
Mimi nauza mboga na sina hicho chuma. Sukuma naikatia mkononi, majani nimeyakunja pamoja, wateja wa jioni wanaitaka nyembamba kama nyuzi. Kisu kikianza kurarua badala ya kukata, nageuza kikombe cha udongo juu chini na kupitisha kisu kwenye kile kiduara cha kitako kisichopakwa rangi. Taratibu, pande zote mbili. Kinafanya kazi kweli. Ila majani yaoshwe kwanza, mchanga unamaliza makali kuliko mboga yenyewe.

Otis254
Mama, hiyo ya kikombe ni sahihi, vyuma vingine vya dukani ni seramiki hivyo hivyo. Vinakula kisu kidogo, na vile vya almasi vinakula zaidi, kwa hiyo si vya kutumia kila siku.

Mimi nina uchungu na fundi mmoja wa mtaani. Alikiweka kisu changu kizuri kwenye gurudumu la umeme, bila maji, cheche zikaruka, ncha ikarudi na rangi ya buluu. Buluu maana yake chuma kimepata moto hadi ugumu umetoka. Sasa hicho kisu nikikisimamisha makali, kitunguu kimoja tu yamelala tena. Wadau, fundi akianza kutoa cheche bila kuchovya majini, omba kisu chako.

Achieng_Jikoni
Ndugu yangu aliniletea kisu cha Kijapani. Vingi vya hivyo vina ugumu wa 60 au zaidi kwa kipimo cha Rockwell, na chuma kigumu namna hiyo hakipindi, kinamegeka. Je, nitumie chuma chenye mistari?

MpishiWaSherehe, Umoja
Hapana dada. Tumia kinoo cha maji, au seramiki laini kwa mkono mwepesi sana. Kisu cha mkate chenye meno nacho usikipitishe kwenye chuma. Na yeyote anayekatia kwenye ubao wa kioo autoe leo, abaki na wa mbao au plastiki. Kioo ni kigumu mno, kinaharibu makali haraka.

Kamau_Rongai
Nina kisu cha marehemu mama, sijui kama kinataka chuma au kinoo.

Bucha_Burma
Kishike chini ya taa, makali yakutazame. Ukiona mstari unaometa, makali yamelika, ni kinoo. Usipoona kitu, anza na chuma. Bado una shaka, niletee asubuhi kabla wateja hawajajaa, kifunge kwenye gazeti nene.