Tupeane uzoefu: maswali gani yanawafanya wanafunzi wahoji wanachokisoma?

Walimu wenzangu, habari za kazi. Maswali mengi ya ufahamu majibu yake yamo mlemle kwenye aya. Mwanafunzi ananakili, anapata vema, anafunga daftari. Mimi nafundisha Historia, na swali ninalolitegemea ni moja: mwandishi amejuaje?

Tulisoma kwamba Rebmann, mmisionari Mjerumani, "aligundua" Kilimanjaro mwaka 1848. Nikauliza, nani alimwongoza njia? Binti mmoja akadakia: "Kwani Wachaga walikuwa hawauoni?" Nikawasimulia habari za Bwana Kheri, aliyeongoza msafara ule kutoka pwani, na za Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga huku lakini aling'ang'ania kwamba theluji aliyosema Rebmann ameiona mlimani haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Haya, yupi alikuwa na ushahidi? Kengele ikalia bado wanabishana. Ninyi mnauliza nini?

MwalimuWaZiwani: Mimi huuliza: nani hakuhojiwa humu? Nilipeleka darasani habari ya gazeti iliyosifu sangara wa Ziwa Victoria kwa ajira na fedha za kigeni, na hilo ni kweli. Lakini wanafunzi wangu ni watoto wa wavuvi. Mmoja akasema mama anayekaanga mapanki, yale mabaki ya sangara aliyetolewa minofu, hayumo, ila mwenye kiwanda cha minofu kazungumza. Mwingine akataja furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, ambao babu yake huwasimulia. Tukafuatilia: sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, na baadaye aina nyingi sana za furu zikatoweka. Habari ileile, lakini sasa waliisoma kwa macho mengine. Ila jamani, ukishauliza, nyamaza. Wape muda wa kufikiri.

TichaPwani: Naunga mkono, na naongeza tahadhari. Wangu walipozoea kuhoji, wakaanza kukataa kila kitu: "mwandishi anadanganya." Kukataa tu si kufikiri. Siku hizi anayepinga namwambia anionyeshe sentensi yenyewe, kisha aniambie ni ushahidi gani ungemfanya akubali. Swali hilo la pili ndilo gumu, hata kwetu watu wazima.

Mama_Chaki: Darasa langu limefurika, siwezi kumsikiliza kila mmoja. Kabla ya kusoma, nawaonyesha kichwa cha habari tu, na kila wawili wanaandika swali moja wanalotaka lijibiwe. Tukimaliza kusoma tunakusanya yale ambayo makala haikuyajibu. Hayo ndiyo mjadala wetu, na mara nyingi yananizidi hata mimi, tunakwenda kuyatafuta pamoja.