MJADALA: Mitungi ya gesi tunagawiwa, hela ya kujaza anatoa nani?

Wakuu habari za saa hizi. Naileta hii tuijadili kwa hoja, mwenye matusi apite tu.

Mnakumbuka Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Siku chache mbele Rais Samia akawa mwenyekiti mwenza kwenye mkutano wa Paris wa hiyo hiyo ishu, zikaahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya Afrika. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 nazo zimeshaambiwa ziachane na kuni. Na ukiwasha TV hukosi mheshimiwa anagawa mitungi ya kilo 6 kwa kina mama, vigelegele, picha, watu hao wanasepa. REA, wakala wa nishati vijijini, nao wana mitungi ya nusu bei.

Haya, ule mtungi ukiisha?

Tuwe wakweli jamani. Mkaa unanunua wa buku, mama muuza anajaza kopo mpaka linafanya kichuguu, kama mmezoeana anakutupia na vipande viwili vya juu, na siku umechacha anakuandika kwenye daftari. Gesi ni elfu ishirini na kitu kwa mkupuo, keshi, na bodaboda wa kukuletea umlipe pembeni. Sasa mtu anaeingiza elfu saba kwa siku, humo humo sukari, humo humo nauli ya mtoto na vocha, hiyo elfu ishirini anaikusanya lini? Najua mtakuja kuniambia kwa mwezi mzima mkaa wa mjini unakula hela nyingi kuliko gesi, na mimi nakubali kabisa, ila huyu hana hela ya mwezi, ana hela ya leo.

Nenda kwa mama ntilie yeyote hapo mtaani kwako uchungulie. Mtungi upo, umevalishwa kitambaa cha kufuma, unawashwa kwa chai ya asubuhi na mayai ya mteja mwenye haraka. Maharage yako nje kwenye jiko la mkaa toka alfajiri. Na sio kwamba hajaelimishwa, semina alienda na tisheti alipewa.

Wahindi walishapita njia hii. 2016 walianzisha mpango wao wa Ujjwala, mpaka 2019 kaya milioni 80 zimeunganishiwa gesi, yani huko vijijini kabisa mitungi ilifika. Ngoma ikawa kujaza. Familia kibao zinajaza mara mbili tatu kwa mwaka, siku zilizobaki ni kuni na samadi kama kawaida, ndo mwaka 2022 serikali ikaweka ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi unaojazwa, 2023 ikapanda mpaka 300. Yani waligundua ruzuku inatakiwa ikae kwenye kujaza, sisi tumeipeleka kwenye chuma. Jirani zetu Kenya nao walirudisha VAT ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia Julai 2021, mwaka mmoja tu wakaishusha mpaka 8, 2023 wakaifuta. Bei ya kujaza ndo kila kitu.

Halafu kuna watu wanaamini gesi ya mtungi inatoka Mtwara. Haitoki. Ya visima vyetu vya Songosongo na Mnazi Bay ni methani, hiyo inataka bomba, au uigandamize kwa presha kubwa kama wanavyojaza kwenye bajaji na magari hapa Dar. Ya mtungi ni propani na butani, inakuja na meli kutoka nje, tunalipia dola. Kwahiyo dola ikipanda au vita ikianza huko Uarabuni, jiko la mama wa Tandale linajua. Na nyumba zilizounganishwa na bomba la gesi yetu wenyewe ni chache mno ukilinganisha na miaka tuliyokaa nayo, Songosongo imegunduliwa 1974 wakuu, 1974!

NYONGEZA: nimesoma majibu, wengi mmenijia juu, ngoja nijibu matatu.

Mkuu uliesema mimi ni dalali wa mkaa na misitu inaisha: sijautetea mkaa popote. Takwimu ya serikali yenyewe ni zaidi ya hekta laki nne na nusu za msitu zinapotea kila mwaka, ingawa humo mashamba mapya yana sehemu kubwa, tusiutwishe mkaa peke yake. Moshi unaua pia, hilo halina ubishi. Ila marufuku ya mkaa tulishajaribu 2006, bei ikaruka, zuio lenyewe halikudumu.

Uliesema wazungu wanatupangia: kuna ukweli na kuna uvivu wa kufikiri. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow 2021 nchi kibao tajiri zilisaini kuacha kufadhili miradi ya mafuta na gesi nje ya nchi zao kwa hela za umma, leo hao hao wanashangilia tununue mitungi ya gesi kutoka kwenye soko la dunia. Unafiki upo, sawa. Lakini anaepuliza jiko na macho mekundu ni shangazi yako, sio wa Paris, kwahiyo usinifungie hoja kwa kutukana ukoloni.

Dada uliesema tupikie sufuria la presha la umeme, wewe umenigusa. Maharage yanaiva chini ya unit moja, hata kwa shilingi 356 ya unit bado huo mkaa hauoni ndani, na kikubwa zaidi luku, umeme wa kulipia kabla, unanunua ya buku! Ndo lugha ile ile ya kopo la mkaa. Kuna na hii mitungi ya mita Dar, unalipia kwa simu kidogo kidogo, mtungi unafungwa kwako bila kutoa hela yote. Umeme kukatika jioni ndo ugomvi wangu na wewe, maana maharage hayasubiri TANESCO, na sufuria lenyewe ni bei.

Ila mimi ningepewa hiyo bajeti ya kugawa mitungi, nusu naweka kwenye mita, nusu nakopesha hayo masufuria, marejesho yakatwe humo humo kwenye luku kidogo kidogo, kama ile buku jero ya kila mwezi ya kodi ya jengo inavyokatwa na hakuna aliekufa. Anaebisha alete hesabu ya mtu wa elfu saba, sio ya mwenye salary slipu.