Tupeane uzoefu: tumbawe jipya likipauka ndani ya tanki, uliliokoaje?

Wakuu, habari za majukumu. Niko Birmingham, Uingereza, nina tanki la kufugia matumbawe la lita 180 sebuleni. Naanza na langu, nanyi mwendelee.

Niliingiza montipora, aina ya tumbawe, ya kijani, kijani kile cha jani changa la mgomba. Siku ya tano asubuhi navaa viatu niende kazini, naona ukingo umekuwa kama chaki. Siku ya nane ilikuwa nyeupe yote. Nilishaandaa mfuko wa kuitupia.

Mzee mmoja wa hapa, mfugaji wa matumbawe wa siku nyingi, akanizuia. Akasema subiri usiku, zima taa, mulika kwa tochi ya pembeni na uangalie kwa kioo cha kukuzia. Nikafanya. Polipi, vile vijimdomo vya tumbawe, zilikuwa nje zote, angavu kama maji ya dafu! Kumbe nyama ipo. Vilivyokwenda ni vile vimwani vinavyoishi ndani ya nyama, vinavyolipatia tumbawe rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Mwanga au joto likizidi, tumbawe linavitema. Likibaki hivyo halijafa, lina njaa.

Kosa lilikuwa langu: tumbawe limetoka dukani kwenye mwanga hafifu, mimi nikaliweka juu kabisa chini ya taa za LED zikiwa asilimia 70. Nikalishusha hadi mchangani, taa nikazirudisha 35, kisha nikawa napandisha asilimia 5 kila wiki. Kila baada ya siku mbili, taa zikishazimwa, nazima pampu robo saa na kulidondoshea chakula laini cha planktoni (vijidudu vya majini) kwa bomba la sindano. Wiki ya sita rangi ikarudi, lakini kahawia, kama chai ya maziwa. Kijani kilikuja baadaye sana. Haya, nani anafuata?

Wa pili, Muscat

Assalaam alaykum. Mie yangu ni joto. Mwezi wa saba kiyoyozi kiliharibika sisi tumesafiri, tumerudi maji yako nyuzi 31. Matumbawe matano mapya, yote yameanza kupauka. Kwa pupa nikatumbukiza chupa za barafu, joto likashuka hadi 25 kwa saa mbili tu. Nadhani hapo ndipo nilipoua mawili, maana kabla ya barafu yote yalikuwa hai.

Siku hizi nina feni ya mezani inayopuliza juu ya maji, na nashusha nyuzi moja kwa siku, basi. Feni inakausha maji haraka, kwa hiyo jazia maji matamu yaliyochujwa, usijazie ya chumvi, kwani chumvi haikauki. Pampu nayo ielekeze juu, uso wa maji utikisike. Maji ya moto hayashiki hewa vizuri.

Wa tatu, Minnesota

Wadau, mimi nilikuwa nasafisha kupita kiasi. Mashine ya kutoa uchafu kwa povu saa 24, samaki wawili tu, virutubisho vya majini, yaani naitreti na fosfeti, vyote sifuri. Nikajisifu. Kila tumbawe nililoleta likafifia polepole, mwili mzima, si upande wa taa pekee. Vimwani navyo vinahitaji mbolea jameni! Nikaanza kuzima mashine usiku, nikawalisha samaki mara mbili, naitreti ikapanda hadi 5. Mwezi wa pili tumbawe langu la yufilia likarefusha minyiri tena.

Wa nne, Mombasa

Sina tanki, mimi napeleka wageni kupiga mbizi. Yakhe, mnayoyaona sebuleni sisi tumeyaona baharini, 1998 na tena 2016. Unazama, unakuta mwamba kama umepigwa chokaa. Nilichokiona 2016 ni kwamba yaliyokuwa kwenye kivuli cha jabali yaliteseka kidogo, kwa hiyo huyo wa Birmingham kushusha chini alipatia. Na msije pwani likizo mkachomoa vipande vya matumbawe vya kwenda kupandikiza, bila kibali ni kosa hapa na Tanzania pia.

Wa tano

Samahanini kuingilia. Akropora yangu, tumbawe la matawi nililonunua juzi, tangu asubuhi ni nyeupe kuanzia shinani, na nyama inachunika, inapeperuka na maji. Nayo nishushe taa?

Mwanzilishi

Hapana dada, hiyo si kupauka. Nyama ikichunika imebaki mifupa, taa haitasaidia. Kata sasa hivi ncha zenye rangi, sentimita moja au mbili juu ya mstari wa weupe, zibandike kwa gundi kwenye kijiwe kipya penye mkondo mzuri. Kisha pima chumvi, joto na alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi), utuwekee namba hapa. Usibadilishe kitu kingine kabla hujapima. Usiku utuambie kama polipi za zile ncha zimetoka.