Mjadala: Socrates alikosea kukataa kutoroka?

Wakuu, naleta mada. Mwaka 399 KK mahakama ya Athens ilimhukumu kifo mwanafalsafa Socrates, mzee wa miaka 70, kwa kutoitambua miungu ya mji na kuharibu vijana. Hakuuawa papo hapo: meli ya ibada ilikuwa safarini kisiwa cha Delos, na mpaka irudi mji haukuruhusu kuua mtu. Alfajiri moja rafiki yake Crito akamfuata gerezani. Mlinzi kashazoeana na Crito na kashapewa fadhila, fedha ya kumtorosha ipo, na Thessaly, kaskazini mwa Ugiriki, kuna watu wa kumpokea. Mzee akagoma.

Hoja yake, kama alivyoiandika mwanafunzi wake Plato: Sheria za mji ndizo zilizomzaa na kumlea. Alipokuwa mtu mzima alikuwa huru kufungasha vyake ahame; hakuhama, basi alikwisha kubali. Mimi hapo nakwama. Tangu lini kukaa ulipozaliwa kukawa mkataba? Na watoto wake watatu, wawili bado wadogo, aliwaachia nani? Crito alimuuliza hilo, na majibu naona mepesi.

JIBU: Mkuu, umemsoma nusu. Huyu huyu aliwaambia waamuzi wapatao 500 kwamba wakimwachia kwa sharti aache kuhojihoji watu, atamtii mungu kuliko wao. Na zamani za wale watawala Thelathini walioitawala Athens kimabavu aliitwa na wenzake wanne, wakaamriwa wakamlete mtu aitwaye Leon kutoka kisiwa cha Salamis auawe. Wanne wakaenda. Yeye akashika njia ya kwake nyumbani, ilhali angeweza kuuawa kwa hilo. Huyo si mtu wa "ndiyo mzee". Ukimwamuru atende dhuluma, hatendi. Ukimdhulumu yeye, halipizi. Kutoroka kwa mlango wa nyuma, kwake, kulikuwa kulipiza.

MLETA MADA: Tofauti hiyo naikubali, tena ni nzuri. Ila kwa Leon ndipo uliponipa fimbo. Wanne walikwenda, Leon akauawa. Plato hatuambii kama Socrates alipitia popote njiani, au alituma hata mtu mmoja Salamis kumwambia Leon akimbie. Alikwenda nyumbani, basi. Mikono safi, sawa. Lakini wajibu wa raia unaishia kwenye mikono yake mwenyewe? Nijibu hilo kwanza, ya Crito tutayarudia.