KiCad: njia ya ampea 3 iwe na upana gani?

Wakuu, nachora kwa KiCad (programu ya kuchora bodi za saketi) bodi ya LM2596, chipu ya kushusha volti, kutoka 12 hadi 5, ampea 3. Njia zangu zote za shaba zina upana wa milimita 0.25. Zitatosha? Na kapasita ya kuingizia umeme ikae wapi?

— Hazitoshi kabisa. Shaba ya kawaida ina unene wa mikroni 35. Kwa ampea 3, ili joto lisipande zaidi ya nyuzi 10, unahitaji takriban milimita 1.4. Weka 2 kama nafasi ipo. KiCad ina kikokotoo chake, kitumie.

— Upana pekee haukuokoi, mkuu. Kapasita ya kuingizia ibane kabisa pini ya 1 (umeme unaingia) na ya 3 (graundi) za LM2596, diodi iwe jirani na pini ya 2 (umeme unatoka) na ya 3. Mzunguko huo ukiwa mrefu, utapata kelele na miruko ya volti. Njia ya pini ya 4, inayopima volti ya kutoka, ianzie kwenye kapasita ya kutolea, ipite mbali na koili, maana inadaka kelele zake.

— Ukisogeza kitu, bonyeza B kwenye KiCad ili eneo la shaba la graundi lijazwe upya, kisha endesha DRC (ukaguzi wa makosa ya bodi) ndipo utoe Gerber (faili za kupeleka kiwandani).